Kijiko cha Kwanza

Kama umewahi kupika huku nyumba nzima imeketi kwenye ndoo na vigoda ikikutazama, utanielewa. Kama hujawahi, shukuru Mungu wako. Jumapili ile, uani kwa Bi Mauwa, Mbagala Charambe, mie Filomena nilizungukwa na watu utadhani nachezwa unyago upya.

Walijua wote. Nyumba ya kupanga haina siri. Ukipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha uani anakwambia afya. Walijua kwamba mie na Gaspar, ambaye mlango wake na wangu inatazamana, tunapendana, tena walijua kabla yetu wenyewe. Walijua mama yake ameshuka kutoka Rombo kuja kufanyiwa upasuaji wa jicho, amelazwa kitandani kwa mwanawe, na mwanawe amehamia kwa Salumu fundi simu. Na walijua aibu yangu. Tangu mama huyo afike nilikuwa nampelekea chakula, na kila chakula kilirudi kilivyokwenda. Wali wa nazi ulirudi. Kisamvu kilirudi. Changu wa kupaka, nimemhangaikia feri tangu alfajiri, alirudi na macho yake yote mawili akinitazama kama ananisuta. Mama wa watu aliishi kwa chai aliyoichemsha mwenyewe na ndizi mbivu alizozimenya kwa mkono wake.

Mchana wa Jumapili hiyo dada yake Gaspar, Eliaichi, alikuwa anakuja kutoka Kimara kumchukua. Na jioni ya kuamkia siku hiyo mama alikuwa amemwambia mwanawe neno. Alilisema kwa sauti ya chini, lakini pazia si ukuta.

"Nimekuja, nimekaa, nimemwona," alisema. "Siwezi kurudi nyumbani nikamtuma baba yako mdogo Theonest apeleke posa kwa watu ambao mimi nimeshindwa kula mkononi mwao."

Mie nilikuwa upande wa pili nakunja nguo. Nilikunja gauni lile lile mpaka likawa kama kitambaa cha mkononi.

Haukupita muda Gaspar akanigongea dirishani. Hakusema kitu kuhusu posa. Alinipitishia mfuko wa kitambaa kwenye nondo, nikaufungua kwenye mwanga. Maharage. Lakini maharage gani hayo? Hayakuwa ya rangi ya udongo wala ya madoa. Yalikuwa meusi ti, madogo, yanang'aa kama shanga za kiunoni.

"Haya ndiyo nini?"

"Ya shambani kwa Mama. Amemletea Eliaichi. Nimechota kidogo."

"Umemwibia mama yako?"

"Nimemkopa." Akatabasamu kidogo, tabasamu likafa njiani. "Alikuwaga anatupikia supu yake tukiumwa. Baba alipofariki, nyumba imejaa watu, hakuna aliyeweza kumeza kitu, wakubwa kwa wadogo. Mama mwenyewe ndiye mfiwa, lakini aliinuka akaenda jikoni akaipika. Mpaka leo nikikumbuka msiba ule, sikumbuki jeneza, Filo. Nakumbuka bakuli limenipasha moto viganja." Akashika nondo za dirisha. "Kama kuna chakula kimoja duniani ambacho anaweza kukila, ni hicho."

"Na mie nitakipikaje kitu nisichokijua?"

"Loweka kwanza. Mengine nitakwambia."

Nikaloweka.

Asubuhi nilipofunua sufuria nilibaki nimeinama pale pale. Maji yalikuwa yamegeuka zambarau, zambarau nzito kama vazi la padri wakati wa Kwaresima, na ukilitikisa sufuria linatoa wekundu pembezoni. Nilichovya kidole, kikatoka na rangi. Nimekulia kwenye mbaazi na kunde na choroko. Sikujua kwamba kitu kinacholiwa kinaweza kukaa usiku mmoja gizani kikaamka na uzuri wa namna ile.

Bi Mauwa, mwenye nyumba wetu, alikuja na mswaki wake wa mti mdomoni akachungulia.

"Mwaga hayo maji upesi, mwanangu. Tangu lini maharage yakatoa wino?"

"Ndivyo yalivyo, Bi Mauwa."

"Ndivyo yalivyo huko kwao. Hapa maji ya kwanza humwagwa. Mie nimezaliwa Rufiji, nimezeeka Mbagala, sijaona nafaka ya kunde ikapikwa na maji iliyolalia. Tumbo litajaa upepo, mkwe wako aondoke kama puto."

Watu wakacheka. Na kweli ndivyo nilivyofundishwa hata mie, maji ya kwanza humwagwa. Nikaliinua sufuria, nikaelekea kwenye mfereji. Nimeanza kuinamisha, maji ya kwanza yameshagusa ukingo, mlango wa Salumu ukafunguka kwa kishindo. Gaspar alitoka na fulana ndani nje, povu la dawa ya meno kidevuni, akaruka beseni la nguo za Mama Vaileth na kunishika mikono yote miwili juu ya sufuria.

"Usimwage."

Mikono yake ilikuwa na maji baridi, yangu ilikuwa na moto wa aibu. Alinitazama kwa karibu hivi kwamba niliona usingizi aliokosa, umekaa chini ya macho yake kama masizi.

"Hayo ndiyo supu yenyewe, Filo," akasema polepole. "Ukiyamwaga hayo umebaki na maharage tu."

Sijui kwa nini maneno yale yaliniingia. Labda kwa jinsi alivyoyasema, kama mtu anayeongea habari za mama yake, au zangu. Tulibaki tumesimama hivyo, mikono juu ya mikono, mpaka Salumu akatoa kichwa dirishani.

"Oya, braza, muachie dada mikono. Maharage hayaivi kwa mahaba."

"Wewe nawe, kalale," Mama Vaileth akamjibu. "Sie wengine tulikuwa tunaangalia."

Nikawasha mkaa. Hapo ndipo vigoda vilipoanza kutoka vyumbani kimoja kimoja.

Gaspar alichutama karibu yangu kumenya vitunguu, kazi ambayo hajaizoea. Alikuwa anatoa nyama nyingi kuliko ganda. Yeye ni karani wa makontena bandarini, mtu wa utaratibu, haongei mpaka awe na uhakika. Kwa hiyo aliponiuliza nilijua swali hilo amelala nalo.

"Filo, kwa nini hukaagi naye?"

"Na nani?"

"Mama. Ukimpelekea chakula unaweka, unatoka. Mie nikimkuta naye amenyamaza tu, chakula kinapoa."

"Kwani nikae nifanye nini?"

"Ule naye. Mpige hata stori mbili."

Nikaacha kupepea. Nilimtazama kuona kama ananitania.

"Unataka nitafune mbele ya mama yako?"

"Kwani kutafuna kuna nini?"

Bibi yangu kule Newala, aliyenilea, aliniambia nikiwa bado nina meno ya utoto: mbele ya mama wa mume mdomo wako una kazi ya kusalimia tu. Kutafuna mbele yake ni sawa na kuoga mbele yake. Mpelekee, piga magoti, toka, mgeuzie mgongo, ale kwa nafasi yake. Ukimwona mwanamke anakodoa macho na kutafuna mbele ya mkwe, ujue huyo hakulelewa, aliokotwa. Mambo hayo mwanamke anayanywa na maziwa. Unamwelezaje mwanamume kitu ambacho kwako ni sawa na kuvaa nguo?

"Kwetu hatufanyi hivyo," nikasema.

"Hivyo vipi?"

"Hivyo."

"Basi kwenu na kwetu vitatumaliza." Akatupa kitunguu kwenye sahani. "Mama akiondoka leo hajala, mie nimebaki na nini?"

"Umebaki na mie."

"Nikuoe kwa kujificha? Nikupitishe uchochoroni, ndugu zangu wasikujue?" Sauti yake ilishuka, maana vigoda vyote vilikuwa vimesogea. "Wewe si mtu wa kufichwa, Filo. Sitaki nusu yako."

Neno zuri namna hiyo, na bado lilinikata kama wembe.

"Na kama hakula?"

Akatazama makaa.

"Sijui."

Mtu anayejua kila kontena la watu lilipo bandarini alinitazama mie na kusema hajui. Machozi yakaja. Namshukuru Mungu aliyeumba vitunguu.

"Amelia," Bi Mauwa akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi stendi ya Rangi Tatu.

"Ni vitunguu," nikasema.

"Hata mie nilipoachwa na baba Mwanaidi vilikuwa vitunguu."

Tukapika mie na Gaspar. Aliniambia alichokumbuka, nami nikajaza pale alipokuwa hakumbuki. Moto mdogo. Chumvi mwisho, ukiiweka mapema maharage yanakaza roho. Kitunguu kikaangwe kwa samli mpaka kinukie, kitunguu saumu, nyanya moja tu isije ikaiba rangi. Ndizi mbichi ikatwe, iivie humo humo, iyeyuke na kuifanya nzito. Hakuna nazi. Mkono wangu ulikwenda mwenyewe kwenye mbuzi ya kukunia nazi nikaurudisha.

Halafu nikaona jambo ambalo siwezi kulieleza vizuri. Kadiri ilivyochemka, ile zambarau ilizidi kuingia ndani, ikazama, mpaka mchuzi ukawa mweusi, lakini weusi ulio hai, una mng'ao wa samli juu na wekundu chini yake ukiinua mwiko. Harufu yake haikuwa ya maharage niliyoyazoea. Ilikuwa harufu ya udongo wenye mvua, ya moshi, ya nyumba ambayo sijawahi kuingia. Nilipoponda sehemu kwa mwiko na kuacha nyingine nzima, mchuzi ukawa mzito, unaanguka kutoka kwenye mwiko polepole kama asali. Wale waliokuwa wanapiga domo wakapunguza. Salumu akazima muziki wake wa singeli bila kuombwa. Hata Bi Mauwa alisogea, akavuta harufu, akatoa mswaki mdomoni.

"Loo," akasema, basi. Bi Mauwa kusema neno moja, si jambo dogo.

Nikaonja chumvi, nikakamulia ndimu kidogo. Hiyo Gaspar hakuniambia. Hiyo ilikuwa yangu.

Nikajifunga khanga mpya, nikapakua kwenye bakuli jeupe, nikavuka uani nikisindikizwa na macho ya watu. Gaspar alibaki ukutani, mikono mfukoni. Macho yake tu ndiyo yalitembea na mie mpaka mlangoni.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, begi lake limefungwa miguuni. Mwanamke mrefu, nywele nyeupe zimekatwa chini, rozari mkononi. Jicho moja lilikuwa chini ya bandeji, na lililobaki lilifanya kazi ya mawili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Nikapiga magoti, nikamnawisha, nikaweka bakuli kwenye kigoda. Mvuke ukampanda usoni. Nikaona pua yake ikatanuka. Rozari ikasimama.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Gaspar amenipa, Mama."

"Mwizi," akasema, lakini kwa upole, na mkono wake ukaenda kwenye bakuli, ukaligusa ubavuni, ukakaa pale kupata joto. Nikaondoka kinyumenyume kama nilivyofundishwa. Nikaketi kizingitini kama kila siku, nikampa mgongo, nikatazama uani.

Mbele yangu nyumba nzima imekaa. Bi Mauwa akaniuliza kwa nyusi: anakula? Nikamjibu kwa nyusi: sijui. Nikasubiri mlio wa kijiko. Haukuja.

"Binti."

"Abee, Mama."

"Geuka."

Nikageuka, nikarudi karibu na kigoda, nikapiga magoti, macho chini.

"Hii supu umeionja?"

"Nimeonja jikoni, Mama. Kuangalia chumvi."

"Jikoni mimi sikuwepo." Akavuta pumzi. "Sasa nitakuuliza, na wewe unijibu kama mtu mzima. Kuna nini ndani ya vyakula vyako ambacho wewe mwenyewe hukitaki?"



"Mama, sijaelewa."

"Tangu nifike unaniletea chakula. Kizuri, jicho moja linatosha kuona. Unaweka, unapiga magoti, unatoka, unanipa mgongo. Hata siku moja sijakuona ukitia kitu mdomoni mbele yangu. Hata maji." Hakuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, na sasa ndipo niliposikia kwamba amechoka kwa njaa. "Kwetu, mwanangu, hata pombe ya ndizi, aliyekukaribisha anapiga funda la kwanza ndipo anakupa kibuyu. Hata ndugu kwa ndugu. Mkiwa mmegombana, ndiyo zaidi. Anaonja ili ulale usingizi. Asiyeonja hatunywi kwake. Mimi nimezaliwa nikakuta hivyo, na mama yangu alikuta hivyo. Nilitamani sana yule samaki. Lakini ningefanyaje?"

Jamani. Nilimtazama usoni, kitu ambacho sikuwahi kukifanya, na kitu kikafunguka kifuani mwangu kama dirisha. Siku zote zile. Kila mara nilipompa mgongo kwa heshima yangu yote, yeye aliuona mgongo wa mtu anayeficha jambo. Kadiri nilivyozidisha adabu ndivyo nilivyozidi kumtisha. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja, mmoja anamheshimu mwenzake mpaka anamwua kwa njaa, mwingine anajilinda na mtu anayempenda.

"Mama," nikasema. "Kwetu mke hali mbele ya mama mkwe. Ni aibu. Bibi yangu alisema ni sawa na kuvua nguo mbele yake. Nilikuwa natoka ili ule kwa nafasi. Nilikuwa nakupa mgongo ili... ili nisikuvunjie heshima."

Jicho lile halikupepesa.

"Bibi yako yuko hai?"

"Hayupo, Mama. Amelala Newala."

"Alikufundisha vizuri," akasema. Akatazama begi lake, akatazama mikono yake iliyokonda. "Na mimi nimelala njaa."

Nje, nyuma ya pazia, mtu alishusha pumzi. "Eti jamani," ikasikika sauti ya Bi Mauwa, na nyingine ikamkata, "Nyamaza, tusikie."

Mama akanisogezea kijiko. Hakuniamuru. Alikigeuza tu, mpini ukanielekea.

Nilijua ninachoombwa. Kijiko kile kilikuwa chepesi, cha bati, lakini nilikiona kizito kuliko mchi. Niliisikia sauti ya bibi yangu sikioni, kali kama siku aliyonifinya kwa kucheka mbele ya wakwe wa shangazi. Bibi, nikamwambia moyoni, ulinifundisha nimpe heshima. Heshima ya huyu iko huku. Nisamehe, na unishike mkono.

Nikachota. Kijiko kilijaa mno, tone jeusi likadondoka kwenye khanga yangu mpya. Nikafungua mdomo mbele ya mama wa mwanamume ninayempenda, nikatia, nikameza. Nilisikia kila kitu, ulaini, samli, ukali mdogo wa ndimu nyuma kabisa. Nilisikia koo langu likimeza, na nikajua hata yeye amelisikia. Uso uliniwaka mpaka masikio. Sijawahi kuwa uchi mbele ya mtu kama nilivyokuwa pale, nimevaa nguo zangu zote.

Jicho la mama lilinifuata tangu kijiko kinapanda hadi koo linaposhuka. Halafu akanyoosha mkono.

Nikageuka kutafuta kijiko kingine.

"Hicho hicho," akasema.

Akakichukua mkononi mwangu, bila kukifuta, akachota, akanywa.

Nimeona watu wakikomunika. Nimeona mtoto akinyonya kwa mara ya kwanza. Sijui nifananishe na nini. Uso wa yule mama ulilegea kuanzia kwenye paji, kama kamba iliyokazwa kwa miaka imefunguliwa. Akafumba jicho lake. Machozi yakatoka humo humo chini ya kope, yakashuka taratibu, naye akayaacha. Akanywa tena. Akanywa tena. Mie nilibaki nimepiga magoti, sithubutu hata kujikuna, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya mageuzo.

"Umeweka ndimu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Marehemu angegomba wiki nzima." Akakwangua bakuli. "Halafu angeomba nyingine."

Nje kukawa na kelele za bajaji, na sauti ya mwanamke aliyezoea kutii saa. Eliaichi aliingia bila kupiga hodi, mkoba begani, akasimama katikati ya chumba. Alitazama bakuli tupu, akatazama mdomo wa mama yake, mweusi pembeni kama wa mtoto aliyekula zambarau. Nyuma yake Gaspar alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, kama nyumba inatikisika.

"Mama," Eliaichi akasema kwa sauti ndogo, "umekula?"

"Macho yangu yanaumwa, yako je?"

"Nani kapika?"

"Mke wa kaka yako."

Neno lile lilikaa katikati ya chumba, tukalizunguka sote. Nilimtazama Gaspar naye akanitazama, na mtu yule asiyeongea mpaka awe na uhakika midomo yake ilikuwa inatetemeka, haijui ianzie wapi.

"Gaspar," mama akamwita, "umemjua binti huyu muda wote huu, hujawahi kumwuliza bibi yake alimfundisha nini?"

"Sikujua, Mama."

"Na ya kwetu, umemwambia?"

Akainamisha kichwa.

"Mizigo ya watu unajua kila mmoja ulipo. Ya nyumbani kwako hujui." Akamgeukia Eliaichi. "Hilo begi lirudishe uvunguni. Halafu mpigie baba yako mdogo Theonest, mwambie ajiandae kwenda Newala. Na umwambie mapema: wakimwekea chakula wakatoka wote, asije akakaa anakunywa chai kama mimi. Ale. Wanamheshimu."

Hapo uani kukalipuka. Mama Vaileth alipiga kigelegele, Bi Mauwa akamjibu kwa kirefu zaidi, Salumu akawasha singeli na akaambiwa azime. Watu walikwenda wenyewe kwenye sufuria langu na vikombe, hawakuomba. Haukupita muda kila ulimi Charambe nzima ulikuwa mweusi. Bi Mauwa alikunywa vikombe viwili huku akiapa kwamba yeye ndiye aliyesema maji yasimwagwe.

Gaspar alipita karibu yangu kuchukua begi. "Filo," akaninong'oneza, na akashindwa kumalizia. Akagusa tu lile tone jeusi kwenye khanga yangu, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa kitu kitakatifu.

Nilitaka kutoka nikawasaidie wenzangu. Mama akanizuia.

"Wewe umekula saa ngapi?"

"Bado, Mama. Nitakula baadaye."

"Utakula sasa." Akamtuma Eliaichi, bakuli likarudi limejaa. Mama akaliweka mwenyewe kigodani mbele yangu, kwa mikono miwili.

Nikakitazama kijiko. Kile cha kwanza nilikimeza kwa ujasiri wa mtu anayezama. Sasa moyo umetulia, na aibu yote ilikuwa imenirudia. Nilishika kijiko, nikakiweka. Nikashika tena.

Mama aliniangalia. Kisha akainuka, taratibu, akishika ukuta kwa mkono mmoja kwa sababu ya lile jicho. Eliaichi akataka kumshika, akamkatalia. Akachukua kigoda kingine, akakiburuta mpaka mlangoni. Akawafukuza waliokuwa wanachungulia, Eliaichi na Gaspar pamoja nao. Akajifunga kitenge vizuri, akaketi kizingitini, pale pale nilipokuwa naketi mie kila siku.

Na akanigeuzia mgongo.

Mgongo ule ulikuwa mpana, umenyooka, umeziba mlango wote.

"Kula, mwanangu," akasema, akitazama uani. "Sikuangalii."